Gurudumu Halirushi Ndege

Yako maswali ambayo watu huyacheka kabla hawajayajibu, na aghalabu kicheko hicho ni pazia la kufichia ukosefu wa jibu. Moja katika maswali hayo ni hili: ikiwa eropleni imewekwa juu ya mkanda mpana na mrefu, mfano wa ule wa mashine ya kukimbilia mazoezi, na mkanda huo ukawa unakwenda nyuma kwa kasi ile ile eropleni iendayo mbele, je, eropleni itaruka, au itabaki papo hapo ikizungusha magurudumu yake bure? Wengi hujibu kwa haraka kwamba haitaruka. Mimi nasema itaruka. Tena nasema kwamba wale wakanao hawakukosea kwa uchache wa elimu, bali kwa tabia mbaya ya fikra ambayo imetugharimu mengi kuliko mabishano ya barazani. Tabia hiyo ni kutazama kinachozunguka na kusahau kinachosukuma. Nimeshika kalamu kuipinga.

Hoja hii niliikuta Mlali, katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, ambako vijana wa sekondari waliokuwa likizoni walikuwa wamegawanyika makundi mawili kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Kundi kubwa lilisema haitaruka. Kundi dogo, ambalo halikuzidi watu watatu pamoja na fundi mwenyewe, lilisema itaruka. Mzee mmoja mwenye heshima zake aliamua shauri kwa kusema, "Wengi wape," na mjadala ukafungwa. Methali hiyo ni njema katika kugawana nyama na katika kumchagua mwenyekiti wa kijiji. Katika mambo ya maumbile haina kazi. Hewa haihesabu vidole vilivyoinuliwa, wala uzito wa kitu haupungui kwa sababu wengi wameuona mdogo. Kwa hiyo shauri lile nalifungua upya, na nitaanza kwa kuwatendea haki wapinzani wangu, maana hoja isiyosemwa vyema haiwezi kushindwa vyema.

Wapinzani wanasema hivi. Mtu akikimbia juu ya mkanda wa mazoezi, hutoka jasho, hutweta, miguu yake huonyesha mwendo wa kilomita nyingi, lakini ukutani mbele yake hafiki. Motokaa nayo ikiwekwa juu ya mkanda wa namna hiyo itanguruma, kipima mwendo chake kitapanda, na dereva ataona dirishani kwake mti ule ule aliouona mwanzo. Ndege haiwezi kuruka bila ya mabawa yake kupitiwa na hewa kwa kasi, na hewa haiwezi kuyapitia mabawa ya kitu kilichosimama. Maadamu mkanda unarudisha nyuma kila hatua ambayo ndege inaipiga, ndege imesimama. Na maadamu imesimama, haitaruka. Hoja hii ina mpango mzuri. Sehemu yake ya hewa na mabawa ni kweli tupu, nami naikubali bila ya kusita. Kosa lake liko katika neno moja lililopita bila ya kukaguliwa mlangoni, nalo ni kwamba ndege hupiga hatua. Ndege haipigi hatua.

Mtu aendapo, huusukuma udongo nyuma kwa wayo wake, na udongo humsukuma yeye mbele. Hiyo ndiyo kanuni ya Newton ya kani na kani mkabala, ambayo kila kijana wa sekondari ameiandika katika daftari lake. Motokaa hufanya kama mtu: injini huzungusha magurudumu, magurudumu huisukuma barabara nyuma, na barabara huisukuma motokaa mbele. Basi ukiiondoa barabara chini ya motokaa, au ukiirudisha nyuma kwa kasi ile ile, umeiondolea motokaa kitu chake cha kusukumia. Lakini eropleni ina mkataba na hewa, haina mkataba na barabara. Rafadha yake hukamata hewa na kuitupa nyuma, na hewa huisukuma ndege mbele; ikiwa ni ndege ya jeti, injini zake hutupa nyuma hewa na moshi wa moto kwa kanuni hiyo hiyo. Injini ya ndege haikuungwa na magurudumu kwa mnyororo wala kwa ekseli. Magurudumu yamefungwa chini ili kubeba uzito tu, nayo huzunguka kwa sababu ndege inakwenda. Ndege haiendi kwa sababu yanazunguka.

Fundi baiskeli wa Mlali aliyajua haya pasipo kumtaja Newton. Aliipindua baiskeli, akalisukuma gurudumu la mbele kwa kidole, nalo likazunguka muda mrefu huku baiskeli imetulia. "Gololi," alisema, na hakusema zaidi. Maana yake ni kwamba gurudumu lililokaa juu ya gololi nzuri haliwezi kukivuta kile lililokibeba ila kidogo sana. Ulizungushe mbele, ulizungushe nyuma, ulizungushe mara mbili ya hapo, mwenye baiskeli hataondoka alipo. Neno hilo moja lilikuwa na fizikia zaidi kuliko hotuba ndefu za kundi kubwa, lakini lilitoka kwa mtu mwenye grisi mikononi, na kwa hiyo halikupata wa kulipokea.

Kwa wale wasioridhika na gololi, natoa mfano mwingine. Chukua mkokoteni, uuweke juu ya mkanda uendao nyuma, na mtu aketi ndani yake. Mbele yake, nje ya mkanda, pana mbuyu kama ile iliyojaa katika nchi ya Ugogo, na kamba imefungwa kwenye shina la mbuyu huo, ncha ya pili iko mikononi mwa mtu huyo. Mkanda uanze kwenda nyuma. Ikiwa mtu ameishika kamba bila ya kuivuta, mkokoteni utabaki papo hapo, magurudumu yakizunguka chini yake, na mikono yake itasikia mvuto mdogo tu. Akianza kuvuta kamba mkono baada ya mkono, ataukaribia mbuyu. Mkanda ukiongezwa kasi, magurudumu yatazunguka kwa kasi zaidi, lakini mtu huyo ataukaribia mbuyu karibu sawa na kwanza, kwa kuwa anauvuta mbuyu, haukanyagi mkanda. Katika shauri letu mtu yule ni injini, kamba ni rafadha, na mbuyu ni hewa. Atakayesema kwamba ndege itabaki papo hapo hana budi aseme pia kwamba mtu yule hataufikia mbuyu kamwe, na sidhani yuko mtu Mlali atakayelisema hilo mbele ya watoto wake.

Sasa tutie hesabu, kwa kuwa mfano bila ya hesabu ni chakula bila ya chumvi. Ndege ndogo ya aina ya Cessna 172, ambayo ni mashuhuri katika viwanja vidogo vya Afrika Mashariki, ina uzito wa kilo 1,100 hivi ikiwa imepakiwa, na huinua pua yake ikifikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa au karibu yake. Msuguano wa magurudumu yake juu ya lami ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito huo, yaani ni sawa na uzito wa kilo 22. Rafadha yake, injini ikinguruma kwa nguvu zote mwanzoni mwa njia, huvuta kwa kani inayozidi uzito wa kilo 200. Msuguano wa gurudumu hauzidi sana kwa kuongezeka mwendo. Kwa hiyo mkanda ukienda nyuma kwa kilomita 100 kwa saa wakati ndege inakwenda mbele kwa kilomita 100 kwa saa, magurudumu yatazunguka kama yanayokwenda kilomita 200 kwa saa, yatapata moto kidogo, yatapiga kelele, na ndege itahitaji njia ndefu kidogo zaidi. Kisha itaruka. Mwenye kilo 200 mkononi hazuiwi na mwenye kilo 22 miguuni.

Jambo hili halikuachwa katika karatasi. Mwaka 2008 kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters kililijaribu kwa ndege nyepesi yenye rubani ndani yake. Walitandika turubai refu kwenye njia ya kurukia, wakaiweka ndege juu yake, kisha gari likalivuta turubai kwa nyuma wakati rubani anaitia ndege moto kwenda mbele. Ndege ilikwenda mbele, ikaliacha turubai, ikapaa. Walioliona jaribio hilo wakaendelea kubisha, na kubisha kwao kumenifunza kwamba mtu aliyekwisha kulipenda jibu lake hata macho yake mwenyewe hayakubali kuwa shahidi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Historia ya anga ya nchi zetu inao wa kutosha. Tangu mwaka 1932 ndege za kampuni ya Imperial Airways zilizokuwa zikisafiri baina ya Misri na Cape Town zilipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, zikitua ardhini kwa magurudumu. Mwaka 1937 kampuni hiyo ilileta ndege za majini, ambazo hazikuwa na gurudumu hata moja la kurukia. Tumbo lake lilikuwa kama la mashua. Zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban, na kabla ya kufika kwetu zilitua Khartoum juu ya maji ya Nili. Nauliza: maji ya mto yaendayo ni nini kama si mkanda? Ndege iliyokuwa juu ya Nili ilikuwa juu ya sakafu inayotembea mchana na usiku, na sakafu hiyo iliishika ndege kwa nguvu nyingi kuliko lami iwezavyo kulishika gurudumu, kwa kuwa maji ni mazito na huzuia. Hata hivyo ndege hizo ziliruka, zikabeba barua na abiria, na injini zake hazikuungwa na maji yale kwa lolote. Ikiwa gurudumu ndilo linalorusha ndege, basi ndege hizo zisizo na gurudumu zilirushwa na nini?

Ushahidi wa karibu zaidi uko Dodoma yenyewe. Mji wa Dodoma uko juu ya uwanda, mita 1,100 hivi toka usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Chukua ndege moja, uzito ule ule, magurudumu yale yale, lami ya namna moja, siku isiyo na upepo. Katika Dodoma sharti ikimbie kwa kasi zaidi, karibu sehemu 5 katika 100, kabla mabawa hayajaweza kuibeba, na injini yake yenyewe huwa dhaifu kidogo kwa kuwa nayo hupumua hewa hiyo hiyo nyepesi. Kwa hiyo huhitaji njia ndefu zaidi. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya viwanja vya nyanda za juu vihitaji njia ndefu. Uwanja mpya wa Msalato, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022, umepangiwa njia ya mita 3,600. Tazama basi: ardhi haikubadilika, magurudumu hayakubadilika, kilichobadilika ni hewa peke yake, na hukumu ya ndege imebadilika pamoja nayo. Ni ushahidi gani mkubwa kuliko huo kwamba shauri la kuruka huamuliwa juu ya ardhi wala si juu ya lami?

Jambo hili laonekana pia katika upepo. Rubani yeyote hupenda kuruka akiuelekea upepo. Ndege inayohitaji kilomita 100 kwa saa, ikikabiliwa na upepo wa kilomita 30, huinuka wakati magurudumu yake yanakwenda kilomita 70 tu juu ya ardhi. Na kinyume chake ni kweli. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukivuma kwa nyuma, ndege ikakimbia kilomita 100 kwa saa juu ya njia, mabawa yake hayatapata hewa yoyote, nayo haitainuka hata kidogo. Hapa ndipo wapinzani wangu wangepata ile picha waliyoitamani, ya ndege inayokimbia sana na kupata si kitu. Adui wa ndege yupo, nao wamemtafuta chini ya magurudumu, kumbe yuko nyuma ya mkia. Na mkanda wetu mpana, ukiwa na athari yoyote juu ya hewa, utaiburura hewa iliyo karibu nao kwenda nyuma, yaani utaipa ndege upepo wa mbele. Utakuwa umeisaidia.

Sitaki nishutumiwe kwamba nimechagua mahali pepesi na kukimbia pazito. Ziko hoja mbili za upande wa pili zinazostahili jibu la heshima. Ya kwanza ni hii: je, kama mkanda umeanza kwenda wakati ndege imefungwa breki? Hapo ndege itachukuliwa nyuma pamoja na mkanda kama mzigo. Rubani akiachia breki, ataanza safari yake akiwa na kasi ya kurudi nyuma, na injini haina budi kwanza iimalize kasi hiyo, ndipo ianze kumpeleka mbele. Nakubali kwamba muda utakuwa mrefu na njia itakuwa ndefu. Lakini kuchelewa si kushindwa. Breki zikisha kuachiliwa, mkanda hauna tena mkono wa kumshika.

Hoja ya pili ni ya hila zaidi. Husemwa kwamba mkanda uende nyuma kwa kasi ya magurudumu yenyewe, si kwa kasi ya ndege. Hebu tuipime. Gurudumu lisiloteleza huzunguka kwa kasi ya ndege ukijumlisha na kasi ya mkanda. Ukiweka sharti kwamba kasi ya mkanda iwe sawa na kasi ya gurudumu, umesema kwa maneno mengine kwamba kasi ya ndege ni sifuri. Hukuthibitisha kwamba ndege haitakwenda. Umeamuru isiende, kisha ukaja kutuonyesha amri yako kana kwamba ni ugunduzi. Ni kama mtu asemaye, "Ikiwa mgeni hataingia ndani, je, ataingia ndani?" Mkanda wa kweli utakaojaribu kuitii amri hiyo itaulazimu kuongeza kasi bila ya kikomo, maana kinachoweza kuizuia ndege hapo ni uzito wa magurudumu yanayokataa kuharakishwa, nako kuharakishwa huko hakuruhusiwi kukoma. Punde kidogo matairi yatapasuka au yatateleza, na likishateleza gurudumu, lile sharti limekwisha kuvunjika. Swali la namna hiyo halina ndege ndani yake. Lina mtego wa maneno, na mwanafunzi hodari ni yule autambuaye mtego kabla hajautia mguu.

Msomaji aweza kuuliza: hata kama ndege itaruka, faida ya ugomvi huu ni nini kwa watu wa Mlali, ambao shida zao ni maji, mbegu na barabara? Jibu langu ni kwamba hakuna mahali duniani panapopaswa kulijali swali hili kuliko Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kuja kutazama kama nchi hizi zaweza kulimwa karanga kwa mitambo. Wiki tisa ziliwatosha, na sehemu ya safari yao ilikuwa kwa ndege. Mpango ulitolewa wa ekari zaidi ya milioni tatu, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita viligeuzwa vikawa vyombo vya kufyekea msitu. Watu waliulizana ni matrekta mangapi yamefika, ni mangapi yanazunguka, ni ekari ngapi zimesafishwa. Swali la mvua itanyesha kiasi gani, na la udongo ule wa Kongwa utakuwaje wakati wa kiangazi, halikupata nafasi ya kwanza. Mvua ilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mitambo ikavunjika. Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi.

Sisemi kwamba mpango wa karanga ulianguka kwa sababu ya fumbo la eropleni. Nasema kwamba kosa la akili lilikuwa moja. Trekta ni gurudumu, na mvua ni hewa. Gurudumu lilionekana, lilipiga kelele, lilihesabika katika taarifa. Mvua ilikuwa mbinguni, haikuhesabika, ikasahauliwa. Wale walioamua walikuwa wasomi wa nchi kubwa, wenye fedha na takwimu. Walikosa kuuliza swali ambalo fundi baiskeli huliuliza kila asubuhi: katika chombo hiki, ni kitu gani kinachosukuma, na kinasukumia wapi? Na mpaka leo taarifa nyingi tusomazo zimejaa magurudumu. Hutuhesabia semina zilizofanywa, vitabu vilivyogawiwa, kilomita zilizosafiriwa, na hazituambii kama kitu kimeinuka.

Tena iko sababu ya pili ya kulijali swali hili, nayo yahusu kicheko niliochokitaja mwanzo. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia katika friza maziwa ya askrimu yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo, sababu zake na hata kutokea kwake, na hayo ni mabishano yenye heshima. Lakini yasingalikuwapo kama kijana yule angalikubali kwamba wengi wape. Kuuliza si ujinga, twasema; basi mbona shuleni tunamtia aibu aulizaye?

Na sababu ya tatu ni lugha. Vijana wa Mlali walipoishindania hoja ile, waliishindania kwa Kiswahili na Kigogo, kwa ufasaha na kwa moto. Mmoja wao alipotakiwa kueleza kanuni ya tatu ya Newton, aliisoma kwa Kiingereza toka moyoni, neno kwa neno, bila ya kukosea. Alipoambiwa aitumie kwa ndege iliyo juu ya mkanda, hakuweza. Kanuni ilikuwa ndani yake kama jiwe ndani ya kikapu, ameibeba, haimlishi. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na sera ya elimu ya mwaka 2014 ikalirudia wazo hilo. Lakini sayansi katika sekondari zetu za serikali ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea fikra za namna hii. Naomba waoneshe ni wapi katika ubishi wa Mlali hoja ilikwama kwa kukosa neno. Kani ipo, msuguano upo, rafadha ipo, kasi ipo, na gololi ipo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuyatumia maneno hayo darasani mahali ambapo alama za mtihani hutolewa.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo halina gharama kubwa. Walimu wa fizikia walichukue swali hili na wasilifunge kwa kura wala kwa amri. Wachukue kigari chepesi chenye magurudumu yanayozunguka vyema, wakitie rafadha ndogo iendeshwayo kwa betri au kwa mpira uliosokotwa, wakiweke juu ya kitambaa kirefu mezani, na mwanafunzi mmoja akivute kitambaa kwa nyuma. Kabla ya hapo kila mmoja aandike, kwa lugha anayoifikiria, jibu lake na sababu yake. Kisha watazame. Atakayekuwa amekosea asichekwe, bali aulizwe ni neno gani katika hoja yake lililopita bila ya kukaguliwa. Na atakayekuwa amepatia asisifiwe mpaka aeleze kwa nini, kwa maana jibu la kweli lisilo na sababu ni mali ya kuokota, na mwenyewe aweza kutokea wakati wowote akalidai.